Pikipiki Moja ya Kwenda Kipatimu na Lindi

Jumatatu, Kilwa Masoko

Masika yameisha na kusi imeanza kushika. Pikipiki yangu ya zamani nimemuuzia mvuvi mmoja wa Mpara, na mpaka nipate nyingine nategemea bodaboda. Asubuhi vijana wawili walikataa mzigo wangu: betri ya saa-ampea 100, kilo 30 hivi, pamoja na mimi mwenyewe. Wa tatu alikubali. Tulipokwisha kupita Mpara boliti ya keria ilikatika, betri ikateremka ikaegemea ekzosi, na gunia nililoifungia likaanza kutoa moshi. Asidi haikumwagika. Tuliendelea hadi Kivinje, yeye akiendesha, mimi nimeipakata betri.

Kazi yangu ni kufunga sola: taa za zahanati, pampu za visima, friji za wauza samaki. Safari zangu ni za pande mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna vilima vya Matumbi, kule Kipatimu na Nandete, ambako njia hupanda juu ya mawe na kushuka kwenye utelezi. Halafu kuna lami ya kwenda Lindi, zaidi ya kilomita 170 kutoka hapa Masoko, ninakonunua vifaa. Nataka pikipiki moja itakayofaa huku na kule. Nimejipa muda wa kuazima na kukodi kabla sijatoa pesa, na nitaandika kila siku yaliyotokea, kwa sababu muuzaji akishaanza kuisifu pikipiki yake, mnunuzi husahau kilichomsumbua njiani.

Jumanne, Pande

Jirani aliniazima Boxer yake ya 150. Kwenye lami ya kwenda Nangurukuru, na kutoka hapo kushuka mpaka Mandawa, haikunipa tabu yoyote: injini imetulia, kiti kipana, na mafuta inakula kidogo. Tulipoacha lami kuelekea Pande mambo yakabadilika. Magurudumu yake ni ya inchi 17, na tairi la mbele ni jembamba lenye michirizi ya lami. Penye mchanga mwingi lile la mbele lilizama, usukani ukageuka wenyewe, na pikipiki ikalala taratibu upande wa kushoto. Kioo cha pembeni kilivunjika. Mbele kidogo ililala upande wa kulia, na kioo cha pili kikavunjika.

Bibi mmoja aliyekuwa akianika mihogo aliniambia, "Mwanangu, shuka uikokote, wote hapa wanaikokota." Nikaikokota. Jua lilikuwa kali na mchanga unaingia viatuni. Nilifika kwa mteja saa nane mchana badala ya saa tano, naye alikuwa ameshaondoka kwenda shamba la ufuta. Wakati huu wa mavuno hakuna anayemsubiri fundi.

Jioni nilimnunulia jirani vioo viwili.

Jumatano, Masoko

Sikusafiri. Boxer iligoma kuwaka asubuhi nilipotaka kuirudisha. Nilifungua kabureta nikakuta maji chini ya bakuli lake. Petroli ya jana niliinunua ya chupa kijijini. Nimemwaga, nimefuta, nimerudisha, ikawaka kwa kiki ya tatu. Wakati nafunga skrubu ya mwisho ilidondoka kwenye mchanga wa uani, tukaitafuta na watoto wa jirani mpaka adhuhuri kwa kutumia sumaku ya spika mbovu. Mtoto wa mwisho kuzaliwa ndiye aliyeipata, kwa mkono.

Mchana niliongea kwa simu na mwalimu wangu wa zamani wa VETA Lindi, mtu anayependa pikipiki kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alinieleza habari za mashindano yanayoitwa trayo. Si mbio. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio na kupita kwenye magogo, mawe na mito bila kukanyaga chini. Kila mguu ukigusa ardhi anaandikiwa alama ya kosa, na akishindwa kabisa kupita sehemu hiyo anaandikiwa tano. Kule Uskoti wana shindano la siku sita lililoanza mwaka 1909. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Sammy Miller, juu ya Bultaco ya Uhispania, pikipiki nyepesi iliyozishinda zile nzito za Kiingereza zilizokuwa zikitawala. Pikipiki za trayo za leo zina uzito wa kilo sabini hivi, tangi la lita mbili tatu, na hazina kiti cha kukalia.

"Hiyo ndiyo ingekupandisha Matumbi," mwalimu alisema, "lakini Lindi usingefika. Ungeishiwa mafuta kabla ya Mbwemkuru, tena ukiwa umesimama njia nzima."

Maneno yake yamenikaa. Pikipiki inayopanda vizuri imepunguzwa kila kitu ambacho safari ndefu inakihitaji: tangi, kiti, keria, uzito wa kuituliza kwenye upepo. Kwa hiyo ninachotafuta hakiwezi kuwa bora kuliko zote pande zote mbili. Ninachotaka ni ile ambayo upungufu wake wa kila upande naweza kuuvumilia au kuurekebisha.

Alhamisi, Njinjo

Mzee mmoja mstaafu wa Singino ana Yamaha DT 125 ya siku nyingi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanipa ufunguo, plagi ya akiba na chupa ya oili. "Hii ni ya injini ya mipigo miwili, mwanangu," alisema. "Inakula oili yake pembeni. Usilisahau tangi la oili."

Sikulisahau. Nililiangalia Nangurukuru, nililiangalia tena njiani. DT ina gurudumu la mbele la inchi 21 na shokapu ndefu, na kwenye makorongo ya njia ya Njinjo ilipita kama hayapo. Lile gurudumu kubwa linapanda juu ya shimo ambalo la inchi 17 lingetumbukia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilifika kwa mteja kabla hajatoka.

Kurudi ndipo ilipochoka. Nilipopunguza mwendo kwa muda mrefu nyuma ya lori la magunia ya ufuta, plagi ilijaa oili na injini ikazima. Niliifungua, nikaipiga brashi, ikawaka. Ikazima tena. Plagi ya akiba niliyopewa ilikuwa ya urefu tofauti. Dereva wa lori alisimama, akashuka na kipande cha msasa, akaisugua plagi akiwa amechuchumaa kando ya barabara huku utingo wake akinipa muhogo wa kuchoma. Tulifuatana hivyo mpaka Nangurukuru, mimi mbele, lori nyuma, ili lisinipunguzie kasi.

Mafuta yaliyotumika yalinishangaza: karibu mara mbili ya yale ya Boxer kwa umbali unaolingana. Mzee alipokea pikipiki yake, akaipangusa vumbi kwa kanga kuukuu, akaniambia kwamba yeye hakuwahi kwenda nayo Lindi hata siku moja.

Ijumaa

Swala, kisha gereji. Fundi wa Nangurukuru, mtu wa maneno machache, alinionyesha rafu za duka lake la spea. Cheni ya 428 ipo nyingi. Pedi za breki za Boxer na TVS zipo. Tyubu za inchi 17 na 18 zipo zimepangwa mpaka darini. Tyubu ya inchi 21 hakuna. Sahani za klachi za Honda XL hazipo, anaagiza Kariakoo.

Kuagiza Kariakoo si jambo la kuzembea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara upande wa Somanga, mabasi na malori yalilala foleni na huku kusini hakukuingia kitu. Fundi alikuwa na pikipiki za watu gerejini zikisubiri kifaa kimoja kimoja. Tangu hapo, anasema, mteja akimuuliza anunue pikipiki gani, humjibu kwa kumwonyesha rafu.

Nilipotoka nilikuta mbuzi amekula karatasi ya hesabu zangu za sproketi niliyoiacha juu ya kiti. Hesabu nimezirudia hapa chini kwa kumbukumbu.

Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ile ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ya mbele ya meno 13, au ukiacha ya mbele na kuweka ya nyuma ya 45, inakuwa mara tatu na robo kasoro kidogo. Gia namba moja inakuwa na nguvu zaidi na ya polepole zaidi, na kwenye lami injini inapiga kelele mapema. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na bei yake haifikii ya tairi.

Jumamosi, Kipatimu

Siku ndefu, ya kufunga taa za zahanati. Tabibu mmoja wa Kivinje alikubali kunikodisha Honda XL 125 yake, aliyoinunua kwenye mnada ikiwa imetumika. Nilifunga betri, kidhibiti chaji, nyaya, na paneli moja iliyolazwa kwa mbavu ndani ya godoro jembamba. Tuliondoka alfajiri, mimi na kijana ninayemfundisha kazi, yeye kwa Boxer ya kukodi akiwa na vifaa vingine, ili nizione pikipiki zote mbili kwenye njia moja.

Kutoka Tingi ni kama kilomita 50 mpaka Kipatimu. Mwanzo ni tambarare. Boxer ilitangulia na kijana akanisubiri kwenye kivuli cha mwembe, mara mbili. Kisha vilima vikaanza.

Vilima vya Matumbi havina mzaha na mtu aliyebeba mzigo. Njia imechimbwa na mvua katikati, kuna mawe ya chokaa yaliyolainika, na udongo mwekundu ukibaki na unyevu asubuhi unakuwa sabuni. Ndiyo nchi ambayo mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Majimaji vikaanza. Nikiwa nusu ya kilima, injini inahema, nilielewa kwa miguu na mikono yangu kwa nini jeshi la mizinga lilipata tabu huku.

Kwenye mwinuko wa kwanza mkali kijana aliingia kwa kasi kwa gia namba moja. Kasi ilipoisha alikamata klachi nusu ili injini isizime. Nilisikia harufu kabla sijamwona: sahani za klachi zinaungua. Alisimama katikati, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, akaweka miguu yote miwili chini. Kwa hesabu za Uskoti angeandikiwa tano. Tulipakua mzigo wake, tukaupandisha begani, tukarudi kuisukuma.

XL ilipanda. Nilisimama juu ya vikanyagio kama mwalimu alivyoeleza, magoti yamebana tangi, uzito mbele, na nikaiacha iende mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la mbele lilipogonga jiwe lilinyanyuka na kushuka upande wa pili bila kugeuza usukani. Karibu na kilele gia namba moja nayo ikaonekana kuwa ndefu. Injini ilitetemeka ikataka kuzima, nikagusa klachi kidogo, ikavuka. Pale ndipo jino moja pungufu mbele lingenisaidia.

Kilima cha pili tulikutana na kijito. Maji yalikuwa chini ya goti, tukavuka salama, na kwenye mteremko unaofuata breki za XL hazikushika. Ni breki za drum. Maji yakiingia ndani, haziumi mpaka zikauke. Nilishuka kwa kutumia injini na nyayo za viatu. Kiatu cha kulia kilifunguka soli. Tuliifunga kwa waya wa sola wa milimita 4, ambao si wa kazi hiyo lakini ni imara.

Zahanatini tulifika saa saba. Muuguzi wa zamu alitupokea kwa maji ya dafu na swali kama taa zitawaka leo. Paneli ilikuwa nzima. Betri ilikuwa nzima. Kisanduku cha skrubu za kufungia paneli kilikuwa kimebaki Tingi, juu ya kaunta ya mama ntilie tulipokunywa chai. Fundi seremala wa kijiji alitupa misumari ya mabati na vipande vya mpingo, mti ambao wilaya hii inaujua vizuri: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo ulivunja drili mbili. Ya tatu ilipita.

Saa moja usiku taa ziliwaka katika chumba cha kujifungulia. Mama mmoja alikuwa tayari ndani, na muuguzi alizima tochi ya simu aliyokuwa ameishika kwa meno. Hii ndiyo sababu nataka pikipiki inayofika. Tochi mdomoni huku mikono inapokea mtoto ni jambo linaloniumiza kila ninapoliona, na nimeliona katika vijiji vingi mno.

Jumapili, njiani

Tulilala Kipatimu, tukarudi. Pancha ya gurudumu la mbele la XL kabla ya Tingi. Tyubu ya inchi 21 hatukuwa nayo, na fundi pancha hana. Aliiziba mahali pawili, tukajaza upepo, ikaisha upepo mahali pa tatu. Aliziba. Alitoza kwa kiraka, na alikuwa na haki.

Mama ntilie alikuwa ametutunzia skrubu zetu kwenye kopo la chumvi. Zimeanza kupata kutu.

Jumanne, Lindi

Safari ya lami, XL ileile, peke yangu. Kusi ilikuwa inavuma usoni tangu Kiranjeranje. Pikipiki ndefu yenye usukani mpana inamfanya dereva wake aupokee upepo kwa kifua kizima. Gia ya juu ilishindwa kushika, nikashuka chini gia moja na kubaki kati ya kilomita 60 na 70 kwa saa. Kofia ngumu ilivutwa nyuma mpaka mkanda ukanikaba. Kupita Mbwemkuru nyuki alijipenyeza ndani ya kofia hiyo. Alitoka baadaye, Mchinga.

Kiti cha XL ni chembamba. Baada ya saa ya pili nilianza kusimama kila panaponyooka, na wapita njia wa Kilangala walidhani nawapungia, wakapunga. Niliwapungia.

Lindi nilinunua vifaa, nikaenda kumsalimia mwalimu. Nilimkuta gatini akisubiri kivuko cha kwenda Kitunda, tukaongea tukiwa tumekaa juu ya magunia ya watu. Alinikumbusha kwamba kati ya 1909 na 1913, wakati Waskoti wakiwa wameshaanza kushindana na mawe yao, wapagazi wa huku kwetu walikuwa wakibeba mifupa ya dinosaria kutoka Tendaguru mpaka bandari hii kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, vichwani na mabegani. Mifupa iko Berlin mpaka leo. Alitaka kusema kwamba mzigo ndio swali la kwanza huku, na mtengenezaji wa pikipiki za mashindano hajawahi kuulizwa swali hilo.

Aliniuliza: ni yapi kati ya yaliyonisumbua yanaweza kubadilishwa gerejini? Tuliyahesabu palepale. Gia ndefu kilimani: sproketi. Tairi linaloteleza: unafunga la kashata, lenye meno makubwa. Kiti chembamba: fundi wa viti anaongeza sponji na kushona upya. Tyubu adimu: unabeba mbili. Kisha tukaangalia ya Boxer. Gia na tairi, vivyo hivyo. Lakini gurudumu dogo la mbele haligeuki kubwa bila kubadili uma wote, na kimo chake kutoka chini hakiongezeki kwa kuongezwa sponji. Hapo nikaona kwamba siku zote nilikuwa nikizipima kwa mambo ambayo pesa ndogo inayamaliza. Kinachofaa kuamua ununuzi ni kile kitakachobaki vilevile mpaka siku ya kuiuza.

Kivuko kilifika tukiwa bado tunabishana kuhusu Yamaha AG 200, ambayo cheni yake imefunikwa yote, ina keria mbele na nyuma, na ina stendi pande zote mbili. Mwalimu anaipenda kuliko XL. Mimi pia ningeipenda. Inayouzwa kwa pesa yangu hatujaiona, si Lindi, si Kilwa.

Jumatano, kurudi

Upepo mgongoni. Gia ya juu ilishika mpaka Nangurukuru na mafuta yalibaki. Mkanda wa mzigo ulilegea mahali fulani baada ya Mandawa. Kilichodondoka ni mkebe wa halua niliowanunulia nyumbani. Nilirudi kuutafuta, nikaukuta kwa watoto, mtupu. Waliupokea kama zawadi na wakashukuru vizuri, kwa adabu.

Alhamisi, Nangurukuru

Tabibu amekubali kuniuzia XL. Bei imezidi kidogo ile ya Boxer mpya, na wengi wameniambia nimepoteza akili kununua kuukuu kwa bei ya mpya. Nimewajibu kwa habari za vilima. Kadi ya pikipiki tumeikuta imeandikwa namba ya injini yenye tarakimu moja isiyosomeka, kwa hiyo kubadilisha umiliki kutasubiri mpaka polisi waikague.

Fundi amenifungia sproketi ya mbele ya meno 13 na kunikabidhi ile ya 14 ndani ya kitambaa, ya kurudishia ninapokwenda Lindi na mzigo mwepesi. Amenifungia tairi la kashata nyuma. La mbele ameliacha lenye michirizi ya wastani, kwa sababu la kashata mbele huyumba kwenye lami yenye maji. Sponji ya kiti iliyokatwa ilikuwa fupi, ameunganisha vipande viwili na mshono unaangukia katikati. Sahani za klachi ameziagiza Kariakoo mapema, kabla hazijahitajika, pamoja na tyubu mbili za inchi 21.

Wakati wa kuijaribu nje ya gereji, kebo ya mwendo ilikatika, na mshale umebaki kwenye sifuri. Anasema kebo anayo. Keshokutwa nina kisima Nanjilinji.